Diski inayogonga: programu au maabara?

Ukiwasha kompyuta ukasikia diski kuu ikigonga tak-tak-tak, izime papo hapo. Mara nyingi mlio huo ni wa kichwa cha kusomea kilichoharibika, na kila mzunguko unaweza kukwangua sahani za ndani ya diski zilizobeba picha za wanao. Hapo programu ya kuokoa data haifui dafu. Maabara yenye chumba kisicho na vumbi ndiyo inayoweza kubadilisha vichwa, kwa kuvitoa kwenye diski ya modeli ileile. Ni ghali, naam, lakini jaribio la kwanza ndilo lenye matumaini makubwa.

Programu inafaa diski inapozunguka kimya ila baadhi ya sekta, yaani vipande vidogo vinavyohifadhi data, hazisomeki. Mimi hutumia ddrescue, programu ya kunakili diski yenye hitilafu: hunakili kwanza zinazosomeka, kisha hurudia zile sugu. Nakala iende kwenye diski nyingine isiyo na hitilafu.