TAHADHARI: Mashine za kuzungushia uzi, picha ni chuma, mzigo ukifika ni plastiki

Wafumaji wenzetu, kuna mashine za mkono za kuzungushia uzi wa sweta zinazotangazwa Instagram na kwenye makundi ya WhatsApp. Picha ni ya mashine kubwa, kitako kizito, gia za chuma, donge nono limekaa juu yake. Maelezo yanasema inabeba gramu 280. Kinachofika ni kimashine cha plastiki, gia zimepakwa rangi ya fedha. Ukilalamika, unajibiwa kwamba hujui kuitumia.

Hizo ni mashine mbili tofauti. Ndogo ya kawaida hubeba aunsi 4, kama gramu 113. Kubwa hubeba aunsi 10, kama gramu 283. Ndogo iliyoundwa vizuri ni kifaa kizuri kabisa. Wizi ni kuuziwa ndogo, tena mbovu, kwa bei ya kubwa.

Ubovu wenyewe uko kwenye gia. Ukizungusha mpini, gia kubwa inaisukuma ndogo, na kigingi kinachopokea uzi, ambacho kimekaa kwa kuinama, kinajizungusha huku kikizunguka pia juu ya kitako. Mizunguko hiyo miwili ndiyo inayopishanisha uzi na kutoa donge bapa, unalolivuta kutokea katikati bila kukimbia sakafuni. Kwenye hizi mbovu pini ya gia inacheza. Donge likianza kuwa zito, gia inasogea pembeni, meno yanarukana, unasikia tak-tak-tak. Ukilazimisha, meno yanalika: mpini unazunguka, kigingi kimesimama.

Sasa, mlio huo unaweza pia kutokana na mtumiaji, na muuzaji anajificha hapo hapo. Uzi ukivutwa sana, au ukiteleza chini ya kigingi na kujisokota kwenye mhimili, hata mashine isiyo na kasoro itagoma. Kwa hiyo mzigo ukifika, kabla hujaweka uzi wowote, ifunge mezani na uzungushe mpini mara 30 polepole ukirekodi video yenye sauti. Ikirukaruka ikiwa tupu, hana la kukusingizia. Gusisha na sumaku kwenye gia: kama tangazo lilisema chuma na sumaku hainati, rekodi video ya hilo pia. Kaza pia kibano cha mezani uone kama kinashika. Kwenye hizi mbovu, skrubu yake nayo ni ya plastiki na hupasuka mapema.

Kabla ya kulipa, usikubali picha. Omba video ya mashine hiyo hiyo ikizungusha gramu 100 mwanzo hadi mwisho, bila kukatwa. Uliza kama ule mwavuli wa kutandazia uzi unaoonekana pembeni kwenye picha umo kwenye bei, maana mara nyingi huuzwa peke yake na wengi wamegundua hilo baada ya kufungua boksi.

Walio mikoani ndio wanaoumia zaidi, kwani pesa inatangulia na mzigo unakuja na basi. Mwenye ndugu Dar amtume akaizungushe kwa mkono wake kwanza, ndipo alipe. Muuzaji asiyetaka mashine ijaribiwe, mwache.

Aliyekwisha uziwa asiitupe kama meno bado yapo. Izungushie gramu 50 tu kwa mara moja, uzi upite vidoleni ukiwa umelegea. Ukisikia tak, simama, rudisha mpini nyuma kidogo, angalia chini ya kigingi; kama uzi umejisokota, ukate na uutoe kwa kibanio. Uzi wa sufu uliokazwa sana huvutika, na sweta lake hurudi dogo likifuliwa, hivyo donge gumu lizungushe upya kwa kulegeza.


Na kama meno yamekwisha, tafuta kijiti laini cha sentimita 25 hivi, unene wa mpini wa mwiko. Shikiza ncha ya uzi kwenye upande wa kijiti unaoushika, zungushia uzi mshazari huku ukikigeuza kijiti kidogo kidogo, kisha chomoa. Donge linatoka bapa vilevile, na linavutika kutokea katikati.