Baiskeli ya chuma yenye breki za diski kwa safari ndefu za Uganda: ipi ununue kwanza

Tairi langu la nyuma lilinifia Lyantonde, kati ya Masaka na Mbarara, saa nane mchana. Duka la karibu lilikuwa na tairi lililoandikwa 28, na kwa kuwa magurudumu yangu ya 700c (saizi kubwa ya baiskeli za barabarani) nayo huitwa 28, nikalipa bila kuuliza. Fundi akalivisha kwenye rimu, likacheza kama pete ya baba kwenye kidole cha mtoto. "Ssebo (bwana), hili ni la Roadmaster," akaniambia. Alikuwa sahihi. Tairi la Roadmaster na Hero, zile baiskeli nyeusi zinazobeba matooke nchi nzima, hukaa kwenye rimu ya kipenyo cha milimita 635. Langu lilitaka 622.

Fundi hakukata tamaa. Akaleta gurudumu la inchi 26 kutoka kwenye baiskeli kuukuu ya mlimani, likaingia kwenye fremu yangu bila ubishi, likazunguka vizuri kabisa. Tatizo likawa breki. Zangu zilikuwa za rimu, na raba zake zikabaki zikielea hewani, zaidi ya sentimita tatu kutoka kwenye rimu. Nikamaliza safari ile ndani ya basi.

Kwa hiyo ninapopanga baiskeli nne zilizo hapa chini, ya kwanza hadi ya mwisho, sianzi na uzito wala rangi. Naanza na swali moja: ikiharibika Lyantonde, au Moroto, au njiani kuelekea Kisoro, fundi aliyepo ataweza kuifanya itembee tena? Breki ya diski inashinda hapo, kwa sababu hubana sahani ya chuma iliyoshikamana na habu, yaani kitovu cha gurudumu, haitegemei rimu. Ukipata gurudumu lolote ambalo habu yake inaenea na inakubali diski, hata likiwa dogo kuliko lako, utafika mjini ukiwa na breki. Hakikisha tu diski zako ni za skrubu sita, zinazofunguliwa kwa ufunguo wa nyota wa T25, maana unaweza kuihamisha diski mwenyewe kando ya barabara. Zile zinazofungwa kwa pete moja katikati zinahitaji kifaa maalumu.

Kuna na matope. Wakati wa mvua za Machi hadi Mei, udongo mwekundu hunata kwenye rimu na kuisaga kama msasa kila unaposhika breki. Diski inakaa juu ya matope hayo. Nayo rimu ikipinda kidogo shimoni, diski haijali.

Waya au mafuta

Nunua breki za diski zinazovutwa na waya. Breki za mafuta ni laini na zina nguvu, sikatai, na mjini ningezipanda kwa furaha. Lakini bomba likikatika mbali na mji, umekwama. Tena mafuta yenyewe si ya aina moja. Kampuni ya Shimano hutumia mafuta ya madini, wakati breki nyingi za SRAM hutumia DOT, kama gari na pikipiki. Fundi wa boda akikusaidia kwa moyo mweupe na kujaza DOT kwenye breki ya Shimano, raba za ndani zitavimba na kuharibika.

Kwa upande wa waya, TRP Spyre ndiyo naipenda zaidi. Husukuma pedi zote mbili (vipande vinavyobana diski) kwa pamoja, na pedi zake ni za umbo la B01S la Shimano, umbo linalotumiwa na breki nyingi za bei ya chini, hivyo kupata nyingine si kazi ngumu. Avid BB7 ni imara pia, ila pedi zake zina umbo lake. Yoyote utakayochagua, funga safari na jozi mbili za pedi za akiba. Shimano huelekeza pedi ibadilishwe ikibaki nusu milimita, na diski yao ya unene wa milimita 1.8 itupwe ikifika 1.5. Mteremko mrefu wa kwenda Kisoro hula pedi mbele ya macho yako.

Jambo ambalo wauzaji hawalitaji ni kichwa cha waya. Baiskeli ya usukani uliojikunja kama pembe za kondoo hutumia waya wenye kichwa kidogo cha umbo la pea. Baiskeli ya mlimani yenye usukani mnyoofu hutumia waya wenye kichwa cha mviringo kama pipa, na huo ndio utaupata kwa fundi wa mji mdogo. Ukiupenda usukani wa pembe, beba waya wako. Ukiubadilisha uwe mnyoofu, kumbuka kwamba breki nazo hubadilika: Spyre ni ya mikono ya breki ya usukani wa pembe, na ndugu yake Spyke ni ya mikono ya breki ya baiskeli ya mlimani. Ukichanganya, breki haitashika inavyotakiwa.

Nafasi ya kwanza: Surly Disc Trucker, ya magurudumu ya inchi 26

Surly ni kampuni ya Minnesota, Marekani, na baiskeli hii ilitengenezwa kwa kubeba mizigo. Fremu ni ya chuma cha 4130, yaani chuma chenye kromiamu na molibdenamu (chromoly). Saizi ndogo huja na inchi 26, na kubwa mara nyingi na 700c, kwa hiyo mtu mrefu sana ajiandae kwa hali hiyo. Ina matundu ya kufungia keria mbele na nyuma, na madigadi.

Mimi ningetafuta toleo la zamani, lenye habu ya nyuma ya upana wa milimita 135 na ekseli ya kufungua haraka. Matoleo mapya yana ekseli nene inayopita katikati ya habu, na kweli gurudumu hukaa imara zaidi. Lakini 135 ndio upana wa baiskeli nyingi za mlimani za mitumba, na gurudumu kama lile la Lyantonde lingeingia moja kwa moja. Kwangu hilo lina uzito kuliko uimara wa ziada.

Ya pili: mtumba wa miaka ya 1990

Najua wengi hawaitarajii hapa. Tafuta baiskeli ya mlimani ya chuma cha chromoly isiyo na shokomzoba, kama Trek 830 au Specialized Rockhopper za enzi hizo. Ina inchi 26, fremu ngumu, na bei ambayo mwalimu au muuguzi anaweza kuimudu. Haina mahali pa diski, lakini unaweza kuivalisha foku (uma wa gurudumu la mbele) mpya ya chuma yenye kishikizo cha breki, pamoja na gurudumu la mbele la habu ya diski. Breki ya mbele ndiyo inayofanya kazi kubwa mteremkoni, na ya nyuma utaiacha ya rimu. Foku iwe na urefu ulio karibu na ile ya awali, la sivyo usukani utapanda na baiskeli itakuwa nzito kugeuza.

Ya tatu: Kona Sutra

Ukikaa juu yake hutaki kushuka. Fremu ya chromoly, breki za Spyre, kiti cha ngozi cha Brooks B17 ambacho hujifinyanga taratibu kulingana na umbo lako (kifunike kwa mfuko mvua ikinyesha). Naiweka ya tatu kwa sababu moja tu, magurudumu ya 700c. Beba tairi la akiba linalokunjika na utalala usingizi. Usiichanganye na Sutra LTD, ambayo ina breki za mafuta.

Ya nne: Trek 520

Jina hili lilianza miaka ya 1980, na ndiyo maana mitumba yake inahitaji macho. Za zamani zina breki za rimu. Kagua kabla ya kutoa pesa. Yenye diski ni baiskeli nzuri ya lami, kama ile ya Kampala hadi Kabale, nayo ni ya 700c.

Ridgeback Expedition ya Uingereza ingeweza kuipiku Sutra, kwa kuwa kwa miaka mingi ilitengenezwa na inchi 26. Ukiiona inauzwa, usisite.

Kabla hujalipa

Chuma kina sifa moja hapa kwetu: kinaunganishika. Lakini mirija ya fremu hizi ni myembamba, na welda aliyezoea mageti ataitoboa kwa umeme. Mwombe fundi alehemu kwa gesi na shaba. Katwe, Kampala, utawapata wanaoijua kazi hiyo. Wakati wa kununua, futa vumbi uangalie nyufa mahali ekseli inapokaa, chini kwenye pedeli, na pale kishikizo cha breki kilipoungwa.

Spoki za gurudumu la nyuma ziwe 36, kwa ajili ya mizigo. Gia ndogo kabisa iwe kama meno 26 mbele na 34 nyuma, vinginevyo vilima vya Kigezi utavipanda ukisukuma. Rimu iwe na tundu la valvu nene, ile ya boda na magari, ili kituo chochote cha petroli kikujazie upepo.

Kama unaagiza kutoka nje, jumlisha usafirishaji na ushuru wa URA (mamlaka ya mapato ya Uganda) kabla ya kufurahia bei. Ukinunua kwa mtu mkononi, andikianeni risiti yenye namba iliyochongwa chini ya fremu, na kama muuzaji humjui, nendeni pamoja kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) wa mtaa wake aweke mhuri. Muuzaji mwenye mali yake hatakataa kutembea hatua hizo.