Kliniki ya methadoni Mombasa: dirisha moja, dawa mbili

Naandika haya kwa mama, dada au mke yeyote wa hapa Mombasa aliye na teja nyumbani, na anayejiuliza kama kliniki ya serikali ya methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini, inafaa kweli. Inafaa. Mdogo wangu alikuwa akijidunga unga, yaani heroini, na ana virusi vya Ukimwi. Leo analala usiku kucha, amenenepa, na Idi iliyopita alivaa kanzu aliyoinunua kwa pesa zake.

Kilichonivutia zaidi ni dirisha. Asubuhi watu wanapanga foleni, jina linaangaliwa, kipimo cha kila mtu kinatolewa jinsi kilivyoandikwa. Unapewa kikombe cha plastiki chenye methadoni ya maji, unakunywa palepale muuguzi akikutazama. Anakutilia maji kidogo usuuze kikombe, unayanywa nayo, kisha lazima useme neno. Mdogo wangu husema "Shukran dada". Ni kuhakikisha hakuna aliyeificha mdomoni akaenda kuiuza nje. Halafu, hapohapo dirishani, anapewa kidonge chake cha ARV, dawa ya kupunguza makali ya virusi, na kukimeza.

Aliyezoea mambo mengine ndiye anayejua uzito wa hilo. Hospitali tuliyoanzia, ARV zilikuwa jengo lake na siku zake, na kijana mwenye alama za sindano mikononi alitazamwa kwa jicho baya tangu mlangoni. Mtu aliyeshikwa na arosto, yale maumivu ya kukosa unga, hangoji foleni ya masaa matatu. Mdogo wangu alikuwa akiondoka kabla hajaitwa, vidonge vinabaki kule, virusi vinapanda. Kwenye hii kliniki hana haja ya kukumbuka ARV. Anakuja kwa ajili ya kikombe, maana mwili wenyewe unamleta, na kidonge anakikuta.

Tena wanajua kazi yao. Alipogundulika ana TB, nilidhani tumerudi nyuma, maana alianza kuamka alfajiri akitoka jasho, mifupa inamuuma, analalamika kwamba kikombe kimetiwa maji mengi. Mfamasia alituita pembeni, akatueleza pole pole. Rifampisini, ambayo ni dawa ya TB, hulifanya ini liimalize methadoni mwilini haraka kuliko kawaida. Basi wakampandishia kipimo cha methadoni. Rifampisini hiyohiyo hupunguza nguvu ya dolutegraviri, ile ARV yake, kwa hiyo akawa anaimeza mara mbili kwa siku badala ya mara moja. TB ilipokwisha wakarudisha vyote chini taratibu, asije akazidiwa na usingizi. Mimi ni fundi cherehani, sikusomea dawa, na nilitoka pale nimeelewa kila neno.

Majirani wengi bado wanasema huku ni kubadilisha unga kwa unga mwingine. Nimewaambia habari za Mauritius, niliyotajiwa na shemeji yangu baharia aliyekuwa akitia nanga Port Louis, nami nikaendelea kuisoma. Ni kisiwa cha watu milioni moja na ushei. Mwaka 2005, kati ya kila watu 100 waliogunduliwa na virusi kule, kama 92 walikuwa wanaojidunga. Mwaka 2006 bunge lao likapitisha sheria ya Ukimwi iliyofungua mlango wa kugawa sindano safi, na mwaka huohuo methadoni ikaanza. Miaka iliyofuata, sehemu ya wanaojidunga katika maambukizi mapya ilishuka. Sisi Kenya methadoni ilianza mwishoni mwa 2014, hospitali ya Mathari, Nairobi, na Pwani ikafuata 2015. Katika miaka hiyo iliyo kati, mtaa wetu ulizika vijana, na baadhi yao niliwashonea sare za chuo cha Kurani wakiwa wadogo. Siwezi kuisoma tarehe ile ya 2006 nisiwakumbuke.

Mauritius nao waliteleza. Mwaka 2015 serikali yao ilisimamisha kuingiza wagonjwa wapya kwenye methadoni, baadaye ikabidi iirudishe. Nalisema kwa sababu fedha za Marekani ziliposimama mwanzoni mwa 2025, hata hapa vijana waliokuwa wakizunguka maskani, vile vijiwe vya mateja, kuwashauri wenzao walipungua mbele ya macho yetu. Kikombe hakikukatika, alhamdulillahi, lakini roho zilikuwa juu.

Sasa kinachotuumiza: saa na mahali. Mdogo wangu anabeba magunia Kongowea. Viazi na vitunguu hushuka alfajiri, na kazi nzuri imekwisha kabla jua halijawa kali. Ndio wakati huohuo dirisha liko wazi. Akienda kliniki, magunia yameshabebwa na wengine. Akibaki sokoni, dirisha linafungwa. Nauli ya matatu kwenda na kurudi ni ya kila siku ya Mungu, na wa Likoni wana feri ya kuvuka juu ya hiyo. Na ukikosa siku kadhaa mfululizo kipimo kinashushwa, kwa usalama wako, unaanza kupanda upya huku maskani yakikuita.

Ramadhani walisogeza saa, watu wakanywa baada ya kufuturu. Kwa hiyo inawezekana. Mauritius kikombe kimegawiwa sehemu mbalimbali za kisiwa, wakati mmoja hata kwenye vituo vya polisi. Hilo la polisi silitaki, hapa kwetu litawafukuza watu. Ila gari moja la kliniki likisimama Likoni, jingine Majengo, wangapi wangebaki kazini? Hili nimelisema kwa wahusika na nitaendelea kulisema.

Kwa anayetaka kumpeleka mtu wake: huduma ni bure. Sisi tulipitia shirika linalohudumia watumiaji, likamwandaa na kumsajili, na kliniki ikataka mtu wa nyumbani wa kusimama naye. Kuwa wewe. Wiki za mwanzo kipimo huwa kidogo na hupandishwa polepole, kwa sababu methadoni hujikusanya mwilini, na ikizidishwa kwa pupa inaweza kumkata mtu pumzi. Wakati huo atakuwa bado na arosto, pengine bado anatoroka jioni. Usimfukuze. Na akiwa na kikohozi kisichoisha, sema palepale dirishani, asije akaanzishiwa dawa za TB mahali pengine ambako hawajui kwamba anakunywa methadoni.