TAHADHARI: Mafuta ya cherehani yanayotembezwa Mwanza mjini, usiyatie kwenye mashine yako

Mafundi wenzangu wa Mwanza, na ninyi wa Magu, Sengerema na Nansio mnaofuata vifaa mjini, naomba mnisome hata kama una kazi ya watu mezani. Kuna mtu anapita fremu hadi fremu na mafuta ya cherehani, Makoroboi mpaka Mlango Mmoja, na mwenzetu mmoja amenipigia jana kuniambia amemwona Igoma. Mimi yamenikwamisha mashine mbili na kuniharibia mashati ya shule ya watoto wa watu.

Alifika kwangu katikati ya Desemba, wakati oda za sare zimeanza kumiminika. Chupa ndogo ya plastiki yenye mdomo mrefu, lebo ya mashine inayojulikana, bei shilingi 1,500. Ninakonunua siku zote ni 3,000. Nikamwambia sihitaji. Hakubishana nami. Akasema, "Mama, usinunue, ngoja nikuwekee bure ukanyage mwenyewe." Akadondosha kwenye matundu ya juu, akaiinamisha mashine akaweka na chini, nikakanyaga. Jamani, ikaenda nyepesi kama siku nilipoitoa dukani. Nikachukua chupa nne, mbili zangu na mbili za dada wa fremu ya pili.

Hapo kwenye kujaribishwa ndipo mtego ulipo, na ndiyo sababu nimeamua kuandika. Ule wepesi haukuwa wa mafuta mazuri. Ulikuwa wa mafuta ya taa. Mafuta ya taa yanayeyusha uchafu wa zamani palepale, kwa hiyo cherehani yoyote ambayo haijafunguliwa miezi kadhaa itazunguka vizuri hata kama kilichochanganywa humo ni takataka. Baada ya siku chache mafuta ya taa yanaruka hewani, kinabaki kile kilichofichwa nyuma yake. Kwenye mashine yangu kilichobaki ni mafuta ya kula, tena yaliyokwisha kukaangia. Nasema hivyo kwa pua yangu na vidole vyangu: siku ya tatu, mashine ilipopata joto la kushona tangu asubuhi, fremu ilinuka karai la maandazi.

Mafuta ya kula, alizeti hasa, hayabaki majimaji yakikaa kwenye hewa. Yanavuta oksijeni, yanageuka utando unaonata, na mwisho yanakuwa magumu kama vanishi. Tazama ukingo wa karai lako la kukaangia, ile kahawia ambayo hata stilwaya haiitoi. Ndiyo hiyohiyo. Mafuta halisi ya cherehani yanatokana na mafuta ghafi yaliyosafishwa sana. Ni meupe kama maji, hayana harufu ya kusema, na hayagandi hivyo.

Nilifunga tarehe 24, nikarudi baada ya mwaka mpya. Gurudumu likagoma kuzunguka. Na hapa ndipo nilipokosea zaidi: nikaongeza mafuta yaleyale. Mashine ikalegea, nikafurahi, nikaendelea na mashati. Kumbe mafuta ya taa mapya yalikuwa yanayeyusha ule utando na kuushusha taratibu kupitia kwenye nguzo ya sindano, moja kwa moja kwenye kitambaa cha tetroni nyeupe. Mashati 24. Mstari mwembamba wa kahawia kando ya mshono wa bega, mwanga ukiwa hafifu huuoni. Tisa nilikuwa nimeshayapiga pasi, na hayo doa halikutoka tena; nimenunua kitambaa kingine kwa fedha yangu, na wazazi wawili niliwapigia simu kuomba radhi watoto wakaanza shule na sare za mwaka jana. Yale 15 ambayo pasi haijayafikia yalipona kwa sabuni ya maji ya kuoshea vyombo: unaipaka kwenye doa kabla ya kulowesha, unasugua, unaiacha kidogo, unasuuza. Ukiona doa la mafuta, pasi ikae mbali kabisa.

Nilipofungua chini sikuamini. Nilitoa bamba la chini ya sindano, bobini (kile kigurudumu cha uzi wa chini) na nyumba yake. Vumbi la nyuzi lilikuwa limeshikana na mafuta kuwa kitu kimoja, kama blanketi lililomwagikiwa uji likakauka. Nilikivuta kwa kibano kikaja chote, kina umbo la ile njia inamozungukia nyumba ya bobini. Chuma chini yake kilikuwa rangi ya asali, na nikikwangua kwa ukucha inabanduka ngozi nyembamba.

Kama ulishayatia, usiongeze tone jingine na usikanyage kwa nguvu, utavunja kitu. Toa sindano, bamba na bobini, ondoa vumbi kwanza kwa brashi kavu. Halafu mafuta ya taa safi na mswaki wa zamani, zungusha gurudumu kwa mkono, futa, rudia. Mimi nilirudia mara tano ndipo kitambaa kikatoka bila kahawia. Fanyia nje, na pasi ya mkaa iwe mbali, tafadhali. Wengi wetu tunafanya kazi na jiko la mkaa miguuni. Mafuta ya taa yasiguse mota, mkanda wala ule mpira mdogo wa kujazia bobini, maana mpira ukinyonya mafuta unavimba na kuteleza. Iache mashine ikauke usiku mzima, kisha weka mafuta halisi tone moja moja kila tundu, kwa sababu mafuta ya taa yanaacha chuma kikavu kabisa. Shona kwenye vipande vya kutupa mpaka uzi utoke msafi. Wenye mashine za kiwandani zenye tangi la mafuta chini, mwageni yote na kulifuta tangi. Mashine inayokwenda hadi mishono 5,000 kwa dakika haiwezi kuvumilia uchafu huo. Mashine ya ovaloki, ya kufungia kingo za kitambaa, ya jirani yangu bado iko kwa fundi.

Kuyapima kwa karatasi hakusaidii, kila mafuta yanaacha doa kwenye karatasi. Chukua kipande cha kioo, dondosha tone la haya na tone la yale unayoyaamini, yapake yawe membamba, weka mahali penye hewa lakini vumbi halifiki. Baada ya wiki mbili tatu gusa. Yangu mazuri bado yanateleza. Haya yamekamata kidole. Kama huna muda huo, yasugue viganjani mpaka yapate joto, halafu nusa. Na angalia chini ya kifuniko: zile chupa nne hazikuwa na ile karatasi ya kuziba mdomo, na moja lebo ilikuwa imebandikwa juu ya lebo nyingine. Nililiona hilo siku ya kununua, nikalipuuza kwa sababu ya bei.

Sitaji jina wala namba ya mtu hapa, maana inawezekana anayetembeza naye ameuziwa na mwingine. Kinachotakiwa ni chupa. Ofisi ya Shirika la Viwango (TBS) Kanda ya Ziwa ipo hapahapa Mwanza, na bidhaa bandia zinashughulikiwa na Tume ya Ushindani. Nimebakiza chupa moja ambayo sijaitumia, na Jumatatu asubuhi naipeleka TBS pamoja na kipande cha kioo na shati moja. Mwenye chupa yake asiitupe na asiimwage. Niandikieni kabla ya Jumapili jioni, tuzikusanye niende nazo kwa pamoja.