Serikali iingie sokoni au ikae pembeni?

Mkulima wa tumbaku wa Urambo, mkoani Tabora, anaujua mvutano huu hata kama hajausikia ukitajwa kwa majina ya Marekani. Waliberali wa huko husema soko likiachwa lenyewe humwonea mnyonge, hivyo serikali isimamie kampuni na iwakinge wazee na wasio na kazi. Rais Franklin Roosevelt alitia saini sheria ya hifadhi ya jamii mwaka 1935. Wahafidhina wanataka kodi ndogo na masharti machache, kama Rais Ronald Reagan alivyopunguza kodi mwaka 1981.

Sisi Watanzania tumeonja yote mawili. Azimio la Arusha la 1967 liliipa serikali njia kuu za uchumi, na mwaka 1976 hata vyama vya ushirika vikavunjwa. Mkulima akapokonywa chombo chake mwenyewe! Hapo wahafidhina wana hoja nzito. Miaka ya 1990 soko likafunguliwa, ila tumbaku ikishatoka kwenye bani, yaani banda la kuikaushia, na deni la mbolea linadai, mkulima aliye peke yake mbele ya wanunuzi wachache hupangiwa bei. Kwa hiyo kwenye mizani na upangaji wa madaraja ya ubora wa tumbaku niko na waliberali: serikali iwepo, tena kwa macho makali. Biashara yenyewe iwaachie wakulima na ushirika wao.