Toyota C-HR ya haibridi kwenye joto la Kisumu

Wengi wakisifu haibridi, yaani gari lenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme, huanza na mafuta. Mimi naanza na kiyoyozi. Saa nane mchana umekwama Kondele katikati ya matatu na tuktuk, injini imejizima, na bado hewa baridi inakupiga usoni. Kompresa ya kiyoyozi cha C-HR hutumia umeme wa betri kubwa, si mkanda wa injini. Chaji ikipungua injini huwaka kidogo, kisha inanyamaza tena.

Mafuta nayo yanakaa, ila hapa mjini. Ukisimama na kuondoka mara kwa mara, mota ya umeme ndiyo inayobeba kazi. Ukielekea Nakuru na kushika mwendo, injini ya lita 1.8 huvuta karibu muda wote, na nafuu inapungua. Raha yangu ni kurudi kutoka Kakamega: kwenye mteremko wa Riat naweka gia kwenye B, gari linajizuia lenyewe, na chaji inapanda tukishuka kuelekea Mamboleo. Breki nazo hazichoki.

Ukipita Kibuye, hasa Jumapili soko likifurika, nenda polepole. Gari likitumia umeme halina kelele ya maana, na mama aliyejitwika kapu hana habari kwamba uko nyuma yake. Madirisha ya nyuma ni madogo kwa ajili ya urembo (wanangu hawajausamehe urembo huo), kwa hiyo kamera ya kurudi nyuma ni ya lazima.

Betri hupozwa kwa hewa ya ndani ya gari, inayovutwa kupitia tundu lililo kwenye kiti cha nyuma. Usilizibe kwa mifuko ya sokoni, na vumbi lake lisafishwe, hasa kwa joto letu hili. Zile nyaya za rangi ya chungwa zina umeme wa kuua. Fundi asiyezijua asiziguse.

Kama unanunua, kumbuka kuna C-HR ya petroli pekee, yenye injini ya turbo ya lita 1.2, inayofanana nayo kwa umbo. Ya haibridi ina nembo ya Toyota yenye rangi ya buluu. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, lakini hata la miaka 6 au 7 lina betri iliyokwisha kutumika vya kutosha. Fundi aipime kwa kompyuta kabla hujalipa. Muuzaji akikataa, ondoka na pesa zako.