Mshahara uko Nairobi, maisha yako Kigoma: uzoefu wangu na benki na kutuma hela

Mimi ni mtu wa Kakamega, naishi Mwanga hapa Kigoma tangu mwaka jana. Mwajiri yuko Nairobi, mshahara unaingia kwenye akaunti ya Kenya. Kodi, umeme wa LUKU na mboga nalipia huku.

Nilikuja nikiamini M-Pesa ni M-Pesa. Kwetu ilianza 2007, Tanzania ikafika 2008, na jina ni lile lile. Kumbe akaunti ni mbili: ile inashika shilingi za Kenya, hii za Tanzania, na hela ikivuka mpaka lazima ibadilishwe. Hapo kwenye kubadilishwa ndipo inapoliwa.

Mwezi wa kwanza nilitumia programu moja iliyojitangaza kuwa haina makato. Na kweli makato yaliandikwa sifuri. Ila shilingi ya Kenya waliihesabu kwa 17.5, wakati kiwango cha siku ile kilikuwa karibu 19. Nilituma 40,000 za kwetu. Piga hesabu: 60,000 za Tanzania zimekwenda, na hiyo ndiyo kodi ya chumba changu kwa mwezi. Iliniuma sana. Siku hizi makato siyaulizi kwanza. Nauliza nikituma kiasi hiki, mkononi nitapokea ngapi, halafu nalinganisha njia mbili tatu kabla sijabonyeza chochote.

Akaunti ya benki hapa ilinichukua wiki tatu. Pasipoti, kibali cha ukaazi, barua ya mwajiri, barua ya Serikali ya Mtaa, vyote nilikuwa navyo. Kilichonikwamisha ni jina: pasipoti ina majina matatu, barua ya mwajiri mawili. Nikarudishwa mara mbili. Wewe unayekuja, hakikisha majina yanafanana herufi kwa herufi kabla hujaondoka kwenu. Baada ya hapo sina lalamiko. Dada wa kaunta alinipigia mwenyewe kadi ilipofika.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia ni laini ya Kenya. Kila nikihamisha hela, benki ya Nairobi inatuma namba ya uthibitisho kwenye laini ile, nami nimeiweka kwenye kitochi. Jumamosi moja namba haikuingia. Nimesimama Kibirizi, kitochi mkononi, simu kubwa haina salio, na mama muuza dagaa ameshanipimia kisado kizima. Nikatamani ardhi ipasuke.

"Chukua tu mwanangu, utaniletea," akasema, akafunga mfuko.

Namba iliingia saa mbili usiku, muda wake umeshapita. Tangu siku hiyo nahamisha hela siku tatu kabla sijaihitaji, na kila mwezi naweka vocha kwenye laini ya Kenya isije ikafungwa. Mama wa dagaa nilimpelekea chake Jumatatu asubuhi, taslimu.